Bastola ya Mpingo na Mistari Mitatu: Safari ya Christopher Simoni Nampota

Padri, wazee wetu, wafiwa wenzangu, na ninyi mliotoka Masasi na gari la asubuhi, vumbi bado liko kwenye nyusi zenu: tumekutana hapa Kitangari kumsindikiza mdogo wangu. Nimepewa kazi ya kueleza alivyoishi. Nitaeleza kama njia zetu zinavyokwenda, zinazunguka mikorosho ya watu, zinapita uani kwa mtu, lakini nyumbani zinafika.

Marehemu Christopher Simoni Nampota alizaliwa hapahapa Kitangari, wilaya ya Newala, tarehe 14 Juni 1956. Alikuwa mtoto wa tatu wa mzee Simoni Nampota na mama Anjelina. Juni mnaijua. Ukungu ulipanda kutoka bondeni ukalala juu ya kijiji, mtu akinyoosha mkono haoni vidole vyake. Mkunga alitoka ng'ambo ya bonde akapotea njia, akawa anazunguka kwenye mihogo. Mjomba wetu, mzee Erasto, alikuwa barazani anachonga kinu. Hakuacha, maana siku kama hiyo mwanaume hana pa kuweka mikono yake. Mkunga akaufuata mlio wa tezo, ko, ko, ko, mpaka mlangoni. Mama alizoea kusema kwamba Christopher aliisikia tezo kabla hajalisikia jina lake.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, akamaliza darasa la saba. Hesabu hazikumpenda, naye hakuzisumbua. Alikuwa akichukua vipande vya chaki vilivyoanguka akavichonga kwa wembe. Siku moja alichonga pua ya mwalimu wa darasa, pua peke yake, na darasa zima likaitambua. Alichapwa. Lakini ile pua ilikaa juu ya meza ya mwalimu mpaka mwisho wa mwaka, na wageni walipouliza mwalimu alijibu, "Ni yangu."

Mwaka 1968 aliingia jandoni. Mengi ya huko hayasemwi mbele ya watu. Hili moja nitalisema, kwa sababu maisha yake yote yaliliegemea. Mjomba Erasto ndiye aliyekuwa akichonga mapiko, zile sura za mti zinazovaliwa ngomani. Alimwambia Christopher: "Sura ukiimaliza itatoka bila wewe. Itafika usikofika, itafanya usiyoyaona. Kwa hiyo ikatie nembo ya kwao, ikipotea watu waijue." Nembo ya kwetu ni ile mistari mitatu iliyovunjika katikati, iliyokuwa mashavuni mwa bibi yetu. Wengine hapa mliiona kwa macho. Sasa imebaki kwenye mti tu.

Baada ya shule Christopher alikaa na mjomba akijifunza vinu, mikongojo na vinyago vilivyokwenda Mtwara. Mjomba alipofariki, alirithi tezo yake na kinu kimoja chenye ufa. Baadaye alihamia Masasi, na mwaka 2004 akapata kibanda Mkomaindo, jirani na barabara ya hospitali. Alichonga miiko, misalaba, na magongo ya wagonjwa. Alipenda kumpima mgonjwa gongo akiwa amefumba macho. Alisema ukimtazama mtu usoni unamchongea huruma, halafu gongo linakuwa fupi.

Ukuta wa kibanda chake ulikuwa mmoja na ukuta wa banda la video la Bwana Modest, mfanyabiashara aliyetoka Rombo. Siku nzima mdogo wangu alichonga miiko huku watu wanauana nyuma ya mbao. Siku ambazo wagonjwa walikuwa wachache aliingia kutazama. Alichoka upesi na hadithi, lakini mikono ya watu hakuichoka. Aliona ile bastola ya kisasa, ambayo risasi zake hukaa kwenye mpini, na kile kifuniko cha juu kinarudi nyuma na kwenda mbele kila inapopiga. Alisema inapumua kama chura.

"Baba Elineema," alimuuliza Modest siku moja, watu wamejaa. "Huyu jamaa kila akifika mlangoni anaikoki tena. Ile risasi iliyokuwemo si inaanguka chini?"

"Mzee Christopher, naomba usiniharibie wateja."

"Nauliza tu. Mpaka sasa ameshamwaga nusu ya risasi zake, na maadui bado hajawaona."

Watu walicheka, na tangu siku ile, kila shujaa alipokoki, banda zima liliitikia, "Imeanguka!"

Nimeruka ndoa, mnisamehe, nirudi nyuma kidogo. Tarehe 11 Septemba 1982, kanisani Lukuledi, Christopher alifunga ndoa na Bertila. Alikuwa amemwona kwenye mavuno ya mahindi, akashindwa kusema. Akamchongea mwiko. Bertila akaupokea, akapikia, wala hakusema neno. Akamchongea wa pili. Alipoleta wa tano, mama yake Bertila alitoka nje akasema, "Baba, nyumba hii ina chungu kimoja. Sema unachotaka." Ndipo akasema. Mungu aliwajalia watoto watatu: Winfrida, Benjamin na Isabela. Miiko yote mitano ipo, na jana ndiyo iliyosonga ugali wenu.

Sasa narudi Mkomaindo. Mwaka 2009 alikuja Awadhi, kiongozi wa kikundi cha vijana wa filamu pale Masasi. Walikuwa wanatumia bastola ya plastiki, mchezo wa watoto, mdomo wake una rangi ya chungwa. Mwigizaji ilimbidi aufunike kwa kiganja, akawa kama anayezuia maji ya bomba. Awadhi alimwonesha Christopher picha kwenye simu. Christopher aliitazama, akaenda kutazama nyingine kwenye picha zilizobandikwa mlangoni kwa Modest, kisha akachukua kipande cha mpingo kilichobaki kwenye mguu wa msalaba. Mpingo ni mweusi wenyewe na ni mzito wenyewe. Kifuniko cha juu alikichonga peke yake, akakitegea springi ya mwavuli mbovu, kikawa kinateleza. Mdomo aliuchimba kina cha ukucha, akaupaka masizi. Pembeni ya mpini ilibaki alama nyeupe ya mti, ndogo kama punje ya mchele. Aliiacha, akasema mti nao una haki ya kubakiza chake.

Bertila aliishika, akaigeuza.

"Baba Winfrida, huyu mbona hana nembo?"

"Huyo si mtu, mama. Hiyo ni sura ya chuma. Chuma hakina kwao."

Neno hilo Christopher alilikumbuka miaka mingi.

Bastola ile ilitoka bila yeye, kama mjomba alivyosema. Katika filamu ya kwanza ilikuwa mikononi mwa jambazi ikamuua askari, katika ya pili ikawa ya askari ikamlipizia. Ilikaa kiunoni kwa tajiri mwenye magari ya kuazima. Mchungaji wa uongo aliificha ndani ya kitabu, na mwanamke aliyesalitiwa akailia machozi, asifyatue. Ilionekana kwenye video za nyimbo, vijana wa miwani myeusi wameielekeza angani huku mabinti wanacheza nyuma. Christopher aliyaona yote hayo kwa Modest, ametulia, kama mtu anayesikia habari za mtoto aliyeko ughaibuni. Wakaja wengine kuagiza, akachonga nyingine.

Siku moja vijana wa filamu walipiga picha stendi ya Newala bila kumwambia mtu. Kijana aliruka kutoka nyuma ya basi, bastola mkononi, akapiga kelele. Stendi nzima ililala chini. Muuza mihogo aliingia chini ya basi na karai lake. Mgambo mmoja, Mungu ambariki, alisogea akinyata, akaipokonya, akaigonga kwenye jiwe. Ko!

"Jamani, huu ni mti!"

Mama mmoja aliyelala kifudifudi akauliza bila kuinua kichwa, "Mti gani?"

"Mpingo, mama."

"Basi nisaidie kuinuka, mwanangu. Kumbe ni ndugu yetu."

Tulicheka sana. Hatukujua kwamba kitu hichohicho kitakuja kututoa machozi.

Mwanzoni mwa mwaka 2013 vijana walikwenda Tandahimba kupiga picha, mfuko mmoja ukasahaulika kwenye gari, na ndani yake ilikuwemo ile bastola ya kwanza, isiyo na nembo. Mwezi Machi mtu asiyejulikana aliingia katika duka la kanga la Rukaiya pale Mkomaindo. Wengi mnamjua Rukaiya, amekaa pale na wanawake wenzake. Mtu yule alimwelekezea bastola kifuani, akachukua alichochukua, akaondoka. Hakumpiga. Lakini Rukaiya hakufungua tena mlango wa duka. Alihamishia kanga nyumbani, akawa anauzia dirishani, kwenye nondo. Hakuweza kukaa na mlango nyuma yake, hata msibani, hata harusini, mgongo wake lazima uegemee ukuta. Watu walipomuuliza bastola ilikuwaje, alisema ni nyeusi, na kwenye mpini ina kitu cheupe, kama punje ya mchele.

Habari hiyo ilimfikia Christopher akiwa anapima gongo. Aliliweka chini. Akachukua bastola ya pili, aliyoichonga kwenye gogo lilelile, akaifunga kwenye kitambaa, akaenda dirishani kwa Rukaiya.

"Hodi, Mama Jafari."

"Nani?"

"Baba Winfrida, mchongaji."

"Shikamoo, baba. Ongea hapohapo dirishani."

"Marahaba, mwanangu." Akaigonga ile bastola kwenye nondo, ikiwa ndani ya kitambaa chake. Ko.

"Hiyo nini?"

"Mti. Iliyokutisha ni ndugu wa huyu. Nimeichonga mimi. Haina tundu hata la kupita sindano."

Rukaiya alisogea mpaka kwenye nondo.

"Kwa hiyo mimi niliogopa kinu?"

"Hukuogopa kinu, mama. Ulimwogopa mtu aliyekishika."

"Hayo maneno mazuri, baba, lakini chai naishika kwa mikono miwili mpaka leo. Hiyo yako yenyewe iko wapi?"

"Sijui."

"Basi itafute. Mimi nimeshajua ni mti. Atakayeoneshwa kesho hajui."

Tangu siku ile maisha ya mdogo wangu yalikuwa hayo. Alizikusanya bastola zote alizowahi kuchonga, akaenda kwa miguu mpaka vijiji ambavyo mimi sijavifika, akazikata nembo, mistari mitatu juu ya kifuniko, inayoonekana hata na mtu aliye mbali. Vijana wa filamu walilalamika.

"Mzee, bastola gani ina chale?" Awadhi alimuuliza.

"Ya Kimakonde."

"Watazamaji watajua si ya kweli!"

"Ndiyo maana yake."

Wengine walikasirika wakaacha kuagiza. Wengine wakazoea, na baadaye wakaja kuitaka hiyohiyo yenye mistari, wakisema inatisha zaidi. Christopher alisikitika kidogo, akachonga.

Ile ya kwanza ndiyo hakuipata. Aliitafuta mahali pekee alipojua kuitafuta, kwenye picha. Aliingia kwa Modest kila siku, anatazama mikono. Bastola ikitokea, husema, "Simamisha hapo." Modest anasimamisha. Shujaa anabaki amefungua mdomo, mwanamke wake ananing'inia dirishani, moshi umeganda, na mdogo wangu anasogea mpaka pua inakaribia kioo, anatafuta punje ya mchele.

"Mzee anatafuta mtoto wake!" vijana walipiga kelele. "Baba, siyo huyo, huyo Mmarekani!"

"Haya, endelea," anasema, anarudi kukaa.

Bertila alikuwa akiwaambia wageni kwamba mume wake amehamia kwenye video, anakuja nyumbani kulala tu. Lakini chakula alimpelekea hukohuko, kwenye bakuli lenye mfuniko. Banda lilipofungwa moja kwa moja, watu wakawa wanatazama kwenye simu, Christopher alitazama simu za watu. Alikaa karibu na mtu yeyote, akisalimia vizuri kwanza. Nilimwambia, mdogo wangu, dunia ni kubwa. Akasema, "Kaka, dunia ni kubwa lakini picha ni ndogo. Siku moja itapita."

Mwaka 2021 alianza kubanwa na kifua. Vumbi la mpingo ni laini kama moshi, na alikuwa amelivuta miaka hamsini. Alitibiwa Masasi, wauguzi walimtunza vizuri, wengine walimkumbuka kwa magongo yake. Mwaka huu wa 2024, mwezi wa nane, aliomba arudishwe hapa Kitangari. Alilala barazani, mahali mjomba Erasto alipochongea kile kinu, akitazama ukungu ukija na kuondoka. Kuna siku aliniambia ameota sura zote alizowahi kuchonga zinapanda bondeni kwa mstari, zimejitwisha ndoo za maji, na ya mwisho haina ndoo, imesimama chini inaona haya.

Mwezi wa kumi Winfrida, ambaye ni mwalimu Tandahimba, alikuja kumwona. Alimwekea nyimbo kwenye simu ili asinzie. Kijana mmoja wa miwani akatokea, ameketi juu ya gari, anacheza na bastola. Winfrida anasema baba yake alikuwa amefumba macho nusu.

"Simamisha hapo."

"Baba, pumzika."

"Simamisha, mama. Tazama mpini."

Winfrida aliikuza picha kwa vidole viwili. Punje ya mchele ilikuwepo.

Winfrida alipiga simu kwa wiki nzima mpaka akawapata wale wanamuziki, Mtwara. Walisema waliinunua kwa mtu aliyekuwa anauza vitu vya kale, na wao walidhani inatoka Ulaya. Hawakuwa wabaya. Walikubali kuirudisha kwa sharti moja, kwamba wapewe nyingine, ile yenye chale. Ikaenda yenye chale, ikaja isiyo nayo, kwa basi, ndani ya boksi la biskuti. Kondakta alimuuliza Winfrida boksi lina nini, akajibu, "Mgonjwa wetu." Ilifika hapa Jumamosi tarehe 9 Novemba. Christopher aliilaza kifuani. Jioni akasema, "Mwiteni Mama Jafari."

Rukaiya alikuja Jumapili. Alikaa na mgongo ukutani. Bertila alimpa ile bastola, naye akaishika kwa mikono miwili, kama anavyoshika chai.

"Kumbe ni ndogo hivi," alisema.

Christopher alimpa kisu chake cha kuchongea. "Anza wewe."

"Mimi sijui kuchonga, baba."

"Si kuchonga. Ni kumwambia kwao ni wapi."

Rukaiya akakata mstari wa kwanza. Mstari ukaenda upande kama njia ya mchwa. Christopher akautazama, akasema ni mzuri. Wa pili aliukata mwenyewe, Winfrida amemshika kiwiko. Kisha pumzi ikamwishia, akaegemea mto. "Wa tatu kesho," alisema.

Jumatatu alilala kutwa. Jumanne tarehe 12 Novemba 2024, alfajiri, akiwa na mke wake Bertila pembeni yake, marehemu alituaga. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minane.

Karatasi za wasifu mlizoshika zilichelewa kwenda kuchapwa Masasi, na sababu ni hii. Jana mchana, nyumba imejaa, Bertila aliileta bastola na kisu, akaviweka mkekani mbele ya Rukaiya. Wanawake walikuwa wamejazana, kuta zote zimeegemewa. Nafasi iliyobaki ilikuwa katikati, na mlango ulikuwa nyuma yake, wazi, watu wanaingia, watu wanatoka, na vivuli vyao vinapita juu ya mikono yake. Hakugeuka. Akaibana bastola kwa goti, akakata mstari wa tatu, polepole, mpaka mwisho.

Bertila alipitisha kidole gumba juu yake.

"Huu umenyooka, Mama Jafari," alisema.

Sasa bastola iko ndani ya kinu cha mjomba Erasto, kile chenye ufa, mdomo umetazama chini. Ikapumzike nayo. Zile nyingine bado zinatembea. Mkiona kwenye simu zenu kijana wa miwani ameshika bastola yenye mistari mitatu, msiogope, na watoto wenu waambieni wasiogope. Huyo ni wa kwetu.

Marehemu ameacha mjane, Bertila, watoto, Winfrida, Benjamin na Isabela, wajukuu saba, na mimi kaka yake, Marko. Ameacha pia magongo mengi njiani Masasi, yanayoendelea kutembea na watu wasiojua jina lake.

Christopher, mdogo wangu, tezo imenyamaza. Ukungu ukikupoteza huko, sikiliza: mjomba yuko barazani, anagonga. Fuata mlio mpaka mlangoni, uingie, upumzike kwa amani.